Punda Hawaruki Geti

Jumatatu, 5 Mei
Safari nne kabla ya adhuhuri. Udongo mweusi, minazi michanga, kokoto nyeupe za vijia vya matembezi. Bustani ya tajiri wa Nairobi hapa Shela itazishinda za Maskati, nami nilikuwa mpishi wa meli, nimeona nyingi. Niliishia darasa la tano mimi, lakini bustani nzima imebebwa na punda wangu.

Jumatano, 7 Mei
Geti. Limewekwa katikati ya ndia yetu ya tangu mababu, ile ipitayo sasa bustanini. Mutua, mlinzi, mtu wa Kitui, kasema wapite wageni wa nyumba na mizigo tu. Jirani yangu Bi Zena, magoti mabovu, hupita hapo kila asubuhi kwenda kwa bintiye. Leo kazungukia ufuoni. Kaanguka mchangani.
Na geti lile nililibeba mimi. Nilidhani la uani. Mjinga.

Ijumaa, 9 Mei
Baada ya swala nimemwendea tajiri. Kanzu, udi, kila kitu. Nimemweleza kwa Kiswahili, kwa Kiarabu cha bandarini, kwa Kiingereza changu cha jikoni. "Mzee, hapa ni praiveti." Katabasamu. Tabasamu lile nalichukia kuliko geti.

Jumapili, 11 Mei
Kahawa na wenye punda wenzangu. Hapa hakuna lori. Bila punda hata msumari haufiki. Tumekubaliana: mizigo ya tajiri mwisho ufuoni. Abdalla anaoza binti, kazi anaihitaji. Kakubali hata hivyo.
Naogopa kidogo. Simwambii mtu.

Jumanne, 13 Mei
Nyasi zake zimeletwa na mashua, zimekunjwa kama mikeka. Zimeshushwa ufuoni saa nne, maji yametoka. Leo bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu, alasiri bahari hugonga ukuta.
Tajiri kaja mbio, viatu mkononi. "Mzee, bebeni basi!"
"Ndia imefungwa, Bwana. Punda wangu hawaruki geti."
"Si mizigo nimeruhusu?"
"Na Bi Zena? Ling'oe, tubebe."
Mutua kageuka, kacheka.
Saa tisa maji yamelamba mkeka wa kwanza. Tajiri kapiga ukelele: "Ling'oe!" Mutua kaling'oa geti na bawaba zake. Tumebeba kama wendawazimu. Mingine nimejitwika mwenyewe, umri huu. Nyasi hazikunikosea.

Alhamisi, 15 Mei
Asubuhi. Bi Zena kapita bustanini na mkongojo wake, polepole. Katikati kasimama. Kasema kokoto zateleza, mpumbavu gani kazileta.
Nimempa mkono.