Nilipopima Kazi za Watu wa Kasuku

Jumatatu, 4 mwezi wa tatu
Mtaa wa Kasuku tena. Mvua asubuhi, matope mpaka pindo la kikwembe. Nimeingia kwa kinyozi, kisha kwa Salumu, fundi wa kushona barazani kwake. Maswali yaleyale ya ofisi ya takwimu: wateja wangapi, wanalipa nini, mashini ni yako? Shefu wetu aliyetoka Kinshasa anasema bati la migodi ya Kalima linapimwa kwa kilo, lakini nywele zilizokatwa na nguo iliyoshonwa hakuna anayejua zinaongeza nini katika mali ya taifa. Ndiyo kazi yetu kujua. Salumu amecheka. "Kumbe na sindano yangu iko mali ya Zaire?" Nimemuapia: jina lake halitatoka.

Jumanne, 5
Vijana wa chama tawala wamechukua mashini ya Salumu. Eti hana ruhusa. Imetukia tu, najiambia.

Alhamisi, 7
Kinyozi amefungwa gerezani, kashoo. Mke wake amenikuta sokoni, hakunisalimia. Ametazama nyuma yangu.

Nimegeuka nyuma. Mtu wa suti ya abakosti ya kijivu, miwani nyeusi. Nikisimama, anasimama. Nikikata kona, naye. Sasa naelewa. Mimi ndiye ninayemwonyesha milango.

Naogopa.

Ijumaa, 8
Nimemwambia shefu. Amefunga dirisha kwanza. "Maliza kazi, mama Faida. Mimi sikusikia kitu." Kama yeye anaogopa, mimi je?

Yule mtu ameningoja nje. Sauti laini. "Kazi yako iko muzuri, mama. Kesho unapita wapi?" Nimesema sijui. Uongo. Kesho ni zamu ya wanawake wanaopikia wasafiri kando ya stesheni. Wengi wajane.

Jumamosi, 9
Sikwenda stesheni. Nimekwenda kwenye baa ya mke wa komisere, mkubwa wa mji. Kuuza bia na kulaza wageni ni huduma pia, nani atanilaumu? Nimeuliza yote. Mama mwenyewe ameona mtu amesimama ng'ambo ya barabara.

"Ule njo nani?"

Nimesema kweli. Ananifuata, mama. Kila ninapoingia, watu wa chama wanafika nyuma yangu.

Ametoka barazani, amemwita kwa kidole. Maneno sikuyasikia. Nimeona tu mtu akivua miwani.

Nimerudi nyumbani, nimejifungia. Hili nitalilipia. Sijui lini.

Jumatano, 13
Haonekani. Kinyozi ametoka. Mashini ya Salumu haikurudi. Gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba, nazima taa.

Na watu wamenifungia milango. "Hatufanyi kazi, mama." Wenye kusuka, wenye kutengeneza baiskeli, wote. Mtaa mzima haufanyi kazi. Siwezi kuwakasirikia.

Jumamosi, 16
Nimevuka mto Lualaba, labda ng'ambo watanijibu. Mtumbwi umejaa: wamama na mihogo yao, mzee na mbuzi wake. Nimemuuliza mwenye kasia anavusha watu wangapi kwa siku. Ametazama maji.

"Mimi sifanyi kazi, mama. Hawa wote njo ndugu zangu."

Hakuna aliyecheka. Mzee ameitikia kwa kichwa, ndiyo, ndugu.

Nimeandika: hakuna. Shefu atapeleka hivyo Kinshasa.

Tumefika. Ndugu wote wamelipa, nami nimelipa.