Jua la Kando ya Barabara

Kangemi, Jumanne, Julai 1974. Wingu zito tangu alfajiri. Jua limechungulia saa nne, likarudi ndani.

Wewe dereva wa lori la makaa, kwenu hakuna watoto? Lori limekushinda mlimani, basi zima injini ushuke. Wewe unakanyaga mafuta tu, moshi mweusi unautupa mlangoni kwa watu, halafu unatoa mkono dirishani kunisalimia. Salamu yako kaa nayo.

Hayo ningemwambia asubuhi, lakini mdomo wangu ulikuwa na kazi nyingine.

Naandika kwenye daftari la shule alilobakiza mwanangu Wafula. Niliishia darasa la pili, lakini jambo la leo sitaki mtu mwingine anisimulie.

Mjukuu wangu Nekesa ana miaka mitano na ana pumu. Sista wa kliniki alitupa vidonge vidogo vyeupe, akasema mtoto asipatwe na baridi. Sawa. Baridi naijua mimi. Dawa yake ni kuota jua, nani asiyejua? Na hapa kwetu vyumba vimebanana, jua la Julai linafika mahali pamoja tu: ukingoni mwa barabara kuu ya kwenda Nakuru. Basi kila asubuhi namvisha Nekesa sweta mbili, natandika gunia pale ukingoni, tunakaa kulingoja jua. Yeye, mimi, na malori.

Alikuwa akiniambia, "Kukhu, sitaki jua." Kukhu ni mimi, ndivyo kwetu nyanya anavyoitwa. Nikamwita mkaidi.

Kifua kilipozidi kulia nilimtafuta mwenye kosa, nikampata upesi: Rosa, mke wa Wafula. Nikasema anamwogesha mtoto maji baridi. Nikasema anamwacha miguu wazi. Wiki iliyopita, bombani, mbele ya wanawake wote, nikasema pumu imetoka ukoo wao, maana kwetu hakuna mtu anayepumua kama filimbi. Rosa alijitwika ndoo yake akaenda zake. Jioni nikamwambia Wafula kwamba Jumamosi napanda basi na mtoto, nikamlee mwenyewe nyumbani Kimilili, maana huyu mama yake hawezi.

Niliyasema. Nayaandika yasije yakajifanya hayakusemwa.

Leo lile lori likakwama mbele yetu, likanguruma papo hapo mpaka upande wa pili wa barabara sikuuona. Nekesa akaanza. Mabega yakapanda, mbavu zikawa zinaingia ndani, midomo ikabadilika rangi. Mimi nikamfunika shuka kumkinga na baridi. Mtoto anatafuta pumzi, nami namfunika.

Rosa ndiyo kwanza alikuwa anatoka kwenda Loresho, anakofua nguo za matajiri. Alininyang'anya mtoto bila kuuliza kitu. Akashuka naye mbio nyuma ya nyumba mpaka bondeni kwenye migomba, nami nyuma yake napiga kelele kwamba ukungu wa mtoni utammaliza. Akaketi chini, akamweka wima mapajani, akamvua sweta zote mbili, akampa kidonge. Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo, hata siku ya kumzaa baba yake.

Pumzi ikarudi, kidogo kidogo, kama maji ya bomba yaliyokatika. Mtoto akafumbua macho akaomba uji.

Ndipo Rosa akasema, bila kuniangalia:

"Mama, jua lako lina moshi. Mashuka ya Loresho nayafua kwa mikono hii, kwa sabuni hii, yanakauka meupe. Gauni la Nekesa nikilianika pale barabarani linakauka kijivu. Na wewe umemwanika mtoto pale pale."

Nilimuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema alimwambia Wafula mara mbili, na Wafula akamjibu kwamba mama yake hafundishwi kulea.

Alinyamaza kwa heshima. Heshima yangu ndiyo ilikuwa inamkaba mtoto koo.

Niliokota zile sweta mbili, nikapanda nazo nyumbani.

Mchana nilirudi ukingoni peke yangu na kitambaa changu cheupe cha kanisani. Nikafuta majani ya ua, machache tu. Kitambaa kikawa kama kimefuta tako la sufuria. Nikakitazama, nikatazama ng'ambo kule Loresho. Barabara yetu ni moja, lakini wenzetu nyumba zao zimekaa mbali, nyuma ya ua na miti. Sisi malori yanapitia kitandani.

Nina hasira na malori, na itabaki. Lakini si lori lililomshika Nekesa mkono kila asubuhi likamketisha kwenye gunia.

Tangu saa tisa naketi, nasimama, nafagia palipofagiwa. Nekesa amelala, nimeshamwekea sikio kifuani sijui mara ngapi. Bado kuna mluzi mdogo.

Kuna chumba kitupu upande wa bonde. Ni kidogo na bati linavuja. Mwenye nyumba alipotuonyesha nilisema hicho ni cha kuku, mtu wa heshima hawezi kulala humo.

Basi najiambia mwenyewe: sikia, Nasimiyu, mwanamke wa maneno mengi. Kesho kabla ya chai nenda kwa mwenye nyumba, umwambie unakitaka. Basi la Jumamosi liache liende. Bombani, wanawake wakiwa wamejaa, sema mwenye kosa ulikuwa wewe, na usinong'one. Kisha rudi, shika kitanda cha mtoto upande mmoja, Rosa ashike wa pili, mkipeleke bondeni. Yeye atangulie. Wewe fuata.