Maneno Matano ya Daktari

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zikufikie huko Houston. Hapa Euless sote wazima. Jana mama yako kapika mahamri, baba yako kayamaliza kabla sijaketi.

Unauliza, jamaa za mgonjwa wakikuomba umfiche ugonjwa wake, wewe muuguzi ufanyeje?

Nilipokuwa msichana, mgeni hapa Texas, niliitwa hospitali kumtafsiria mama mmoja mzee wa Kizanzibari. Mlangoni mwanawe akanishika mkono: "Dada, tafadhali usimwambie ni saratani. Atakata tamaa." Nikakubali, maana kwetu ndivyo tulivyozoea.

Daktari akaeleza dakika kumi nzima. Mimi nikasema, "Daktari asema upumzike, ule vizuri."

Yule mama akacheka hadi mtandio ukamwanguka. "Kazungumza muda wote ule kwa maneno matano? Haya mwanangu, nipe yaliyobaki."

Nikampa yote. Akaokota mtandio wake, akasema, "Mwambie anipasue, lakini baada ya harusi ya mjukuu wangu."

Daktari akakubali kungoja wiki mbili. Harusini hakuna aliyemshinda yule mama kwa vigelegele. Aliyekuwa akilia ni mwanawe.

Jumatatu naenda kuchukua majibu ya vipimo vya moyo, na baba yako keshamwomba daktari aongee naye kwanza. Njoo, Salma. Baba yako akinitokea na maneno matano, tucheke kwanza, kisha tuingie kwa daktari tukadai yaliyobaki.

Bibi yako, Euless