Injini Niliyomchagulia Ami Suhail

Hilal, pokea simu! Haya basi, soma. Mji mzima wa Barka utanicheka.

Si unajua Ami Suhail, baba yake Shaima ninayekwenda kumposa Ijumaa, alitaka nimchagulie gari kuukuu la kupandia vilima vya mchanga? Mimi huyo, fundi wa mdomo. Njia nzima namhubiria: "Petroli ya nini, Ami? Chukua dizeli. Na usitazame rangi, sikiliza injini."

Tumefika shambani kwa muuzaji. Hata kahawa sijaonja, nimeshaweka kiganja kwenye boneti, nikafumba macho. Hilal, NIKAFUMBA MACHO.

"Dizeli hii, Ami. Silinda sita. Sikia inavyopumua!"

Muuzaji kashika birika, ananitazama tu.

"Mwanangu, gari sijaliwasha. Hiyo ni pampu ya jirani, anamwagilia mitende."

Pampu! Nimeisifia pampu ya maji!

Halafu akaliwasha. La petroli. Likakohoa mara moja, likazimika.

Ami hakunitazama. Kamaliza kahawa yake polepole, akatikisa kikombe kuonyesha inatosha, akamgeukia muuzaji:

"Hebu muulize jirani, pampu yake anauza?"