Kofia ya Bibi na Sabuni ya Mng'aro

Jumatatu, 8 Julai 1996

Mola aliponiumba alinipa midomo ya watu saba, akawanyima wale sita. Mmoja wao ni kaka yangu Athumani, ndiyo maana hasemi. Wale watano siwajui. Wakinisikia Makadara waje wadai chao.

Leo tena nimeshinda juu ya pikapu na kipaza sauti mkononi, na sauti haijakwaruza. Sabuni ya unga, Mng'aro. Wiki mbili nyuma hakuna mtu kisiwani aliyeijua. Leo nimepita Bondeni nikasikia mtoto akiiimba huku akijisaidia mtaroni. Kazi yangu hiyo. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tusibishane, lakini waliomaliza hawajawahi kuimbwa mtaroni.

Ufundi wenyewe ni wa Bwana Kilonzo, mtu wa bara, ametumwa na kampuni kutoka Nairobi. Yeye hataki matangazo ya kupiga kelele tu. Anasema ukimwambia mtu jina, litaingia sikio hili litokee lile, lakini akitia mkono wake mwenyewe kwenye karai, jina hilo halimtoki. Basi imekuwa mchezo. Watu wachague nguo. Watu wachague doa. Mmoja apande afue mwenyewe, wote waite jina. Mng'aro, Mng'aro, mpaka povu liishe.

Mwanzo nilimcheka. Sasa simcheki.

Siri yangu naiandika hapa tu. Watu wakiita madoa kumi kwa pamoja, mimi nasikia ninachotaka. Mmoja aita tambuu, mwingine grisi, mwingine embe. Mimi nasikia manjano, maana manjano ya mchuzi inatoka. Bwana Kilonzo hajui. Masikio yangu nayo yana akili zake.


Jumatano, 10 Julai

Bibi amemaliza kofia.

Ni ya Athumani, ya siku ya nikaha, Ijumaa ya wiki ijayo. Ameishona tangu kabla ya Ramadhani. Alikuwa anakaa mlangoni, mwanga umpige mgongoni, kitambaa karibu kiguse pua. Mtoto wa jicho amemfunika jicho la kushoto lote na la kulia limebaki ukingo. Vile vitobo vidogo vya nakshi, vya mwisho, amevitia kwa kupapasa. Leo amekata uzi, akatia sindano ndani ya kibweta na akafunga. Akasema hiyo ndiyo ya mwisho, hatashona nyingine. Alisema kama mtu anayesema maji yamechemka.

Kofia aliyomshonea babu alizikwa nayo mtu mwingine, sijui nani, mambo ya zamani. Mimi kofia yangu alinishonea nilipokhitimu juzuu, nikaipoteza uwanjani. Hakunishonea tena. Sikuomba pia.

Ameitia wanga, ameivisha juu ya bakuli la kaure ikauke na umbo lake. Iko juu ya kabati. Nyeupe. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyostahili kutazamwa kofia ya mtu mwingine.


Alhamisi, 11 Julai

Siku mbaya. Naandika nikiwa na hasira.

Bi Tima alikuja. Ndiye anayewapaka hina na piko mabiharusi wote kuanzia Ndia Kuu mpaka Bondeni, na mdomo wake ni wa pili baada ya wangu. Akasimama mbele kabisa, karibu aguse tairi. Watu wakaita madoa, nami nikasikia manjano kama kawaida. Akasema, "Swaleh, mimi nimesema piko. Au masikio yako yana nta?"

Watu wakacheka. Wanicheka mimi.

Piko ndiyo ile rangi nyeusi wanayochorea maua ya mikono. Ikishika nguo, nguo hiyo ndiyo basi. Kila mwanamke wa mji huu anajua. Nikasema wakati umekwisha, lakini Jumamosi Bi Tima aje na piko yake, Mng'aro itaitoa mbele ya macho yake. Watu wakapiga makofi. Ulimi ulisema, mimi nilikuwa bado nafikiri.

Bwana Kilonzo amefurahi mno. Jioni pikapu imezungushwa mji mzima: Jumamosi, piko na Mng'aro, njooni muone.

Nimejaribu nyumbani kwa kitambaa kibovu. Haitoki. Hata haipauki.


Ijumaa, 12 Julai

Nimemwambia Bwana Kilonzo baada ya sala kwamba piko haitoki. Alikuwa anakula viazi vya karai. Hakushtuka.

"Kijana, watu hawaji kuona doa likitoka. Wanakuja kuona kama litatoka."

Nikamuuliza, lisipotoka je. Akasema litoke lisitoke, Jumatatu mji mzima utakuwa na jina moja mdomoni. Akapangusa vidole.

Sawa. Kampuni haina cha kupoteza. Mwenye uso wa kuaibika ni mimi, ninayeishi hapa. Yeye akimaliza anapanda treni.

Lakini Swaleh halali njaa ya akili. Nimechukua kitambaa cheupe nikakisugua mafuta ya nazi, nikakipasi, nikakisugua tena. Piko haikishiki. Inakaa juu juu, ukisuuza inaondoka. Nimejaribu, imeondoka. Kesho watu wakiita nguo, mimi nitasikia kitambaa. Bi Tima atarudi kwake na kikombe chake cha piko.

Tatizo ni nguo zangu za kupandia jukwaani. Shati liko sawa. Kanzu iko sawa. Kichwa ndicho kitupu, na kesho kutakuwa na mji mzima.

Nitaiazima ile kofia kidogo tu. Athumani yuko kazini bandarini mpaka jioni. Nitairudisha kwenye bakuli kabla haijajua kuwa imetoka.


Jumamosi, 13 Julai

Kofia imekwisha. Siandiki leo.


Jumapili, 14 Julai

Nitaandika mara moja, nisirudie.

Uwanja ulijaa. Wengine walikaa juu ya ukuta. Kofia ilinikaa vizuri mno, naapa. Mzee mmoja aliniuliza kwa mkono, kazi ya nani hiyo. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikashika kipaza sauti nikasema hii ni kazi ya Bibi yangu, tafuteni nyingine Mombasa nzima, hamtaipata. Nilijisifia kitu nisichokishona wala nisichokivaa kwa haki.

Kisha nikauliza, tufue nini.

Wakaita kofia.

Nikasema nasikia kitambaa. Wakaita kofia. Nikainua kile kitambaa changu cha mafuta, nikatabasamu, nikasema wengi wamesema kitambaa. Wakaanza kupiga mabati ya kibanda kilicho kando. Ko-fi-a. Ko-fi-a. Waliwahi kuchagua mara nyingi nami nikawachagulia, jana ndiyo siku waliyokataa. Na mchezo wenyewe ndivyo unavyosema: watu wachague. Niliwafundisha mimi.

Nilimtazama Bwana Kilonzo. Alikuwa anapiga makofi kufuatisha mabati.

Nikaivua. Bi Tima akapanda na kikombe chake. Alipoiona kwa karibu akairudisha mikono nyuma. Akaniambia polepole, nje ya kipaza sauti, "Hii kazi ya bibi yako, Bi Zuhura. Mwanangu, toa kitu kingine." Hata yeye. Akanyanyua sauti awaambie watu, wakamzomea. Wakanizomea na mimi. Mvulana mmoja akasema sabuni imeingia baridi.

Nikachukua kijiti kutoka kwenye kikombe, nikachora mwenyewe. Ua moja. Nikasema tungoje kidogo ishike vizuri, msije mkasema nimewahadaa. Nilitia madaha. Sijui kwa nini nilitia madaha.

Kisha karai. Kisha povu. Mng'aro, Mng'aro. Piko ikawa imeshika na ikawa imeenea, maji yaliipeleka kwenye kila kitobo. Nikainua. Halafu kicheko, sijapata kusikia kicheko kama kile.

Bibi alikuwepo. Aliletwa na binti wa jirani, alikuwa nyuma karibu na ukuta. Mimi sikujua. Wanasema aliniita kabla sijachora. Sikusikia. Spika zilikuwa zinanguruma, na yale mabati.


Jumatatu, 15 Julai

Ndimu na chumvi. Hapana.

Jua. Hakuna jua, manyunyu ya kusi tangu asubuhi.

Jiki ya kupaushia nguo, tone moja. Pale lilipoanguka weusi umegeuka kahawia, uzi ukaanza kuachia. Kitobo kimoja kimepasuka kikaungana na mwenzake.

Bibi alikuwa amekaa nyuma yangu muda wote, sikujua. Akasema, "Wacha. Vitobo nilivyotia mimi vyatosha."

Heri angenipiga.


Jumanne, 16 Julai

Bwana Kilonzo alisema kweli. Jina moja mdomoni. Muuza kahawa, Mng'aro. Wapiga bao, Mng'aro. Watoto wakiniona hawaniiti Swaleh tena. Maduka ya Makadara yameagiza katoni, watu wananunua wakajaribu wenyewe. Wananunua huku wanacheka, lakini wananunua.

Amenipa kofia. Ile ya kizungu yenye ukingo mbele, Mng'aro imeandikwa kwa nyekundu. Akasema kampuni inanitaka Malindi mwezi ujao, mchezo ule ule. Nilisimama nayo mkononi. Midomo saba yote ilikuwa likizo.

Athumani ameiona ile nyeusi juu ya bakuli. Aliitazama, akavua viatu, akaenda kuoga. Hajaniambia neno. Kwa kawaida haniambii neno, lakini hili si lile.


Jumatano, 17 Julai

Bi Tima alikuja kumwomba Bibi radhi. Sikutegemea. Walikaa ukumbini, mimi nikiwa uani nasikia.

Akasema yeye ndiye aliyeleta kikombe. Bibi akamwambia kikombe si kitu, kikombe ni kazi yake. Bi Tima akasema, na huyu kijana, wewe ulimwita, hata sisi mbele tulikusikia. Bibi akasema, "Hakusikia, mama. Lile spika lilikuwa sikioni mwake. Angenisikia, Swaleh hangefanya. Mimi namjua."

Kila jirani anayekuja anaambiwa hivyo hivyo. Hakusikia. Amekuwa wakili wangu, na sikumpa kesi.

Nilichota maji ambayo hayakuhitajika.


Ijumaa, 19 Julai

Nikaha imepita salama. Athumani alivaa kofia ya kununua, ya mashine, Bi Tima aliileta kama zawadi. Si mbaya. Kwa mbali inafanana. Watu walisema amependeza, na amependeza.

Msikitini nilikaa nyuma. Wavulana wawili waliniangalia wakabana midomo. Hawakucheka kwa ajili ya mahali.

Baadaye Athumani alikuja nyumbani kumbusu Bibi mkono. Akainama. Bibi akampapasa uso, kama afanyavyo siku hizi, akapanda na vidole mpaka kwenye kofia. Vilipofika kwenye mshono vikasimama. Alijua tangu Jumamosi, anajua kilichotokea, hakuna aliyemficha. Lakini vidole havikuwa vimeambiwa. Viliutafuta ukingo mzima, polepole, kama vinasubiri kukuta kitu.

Akasema, "Yakukaa vizuri, mwanangu."

Athumani akaniangalia mimi. Mara ya kwanza tangu siku ile. Nikatoka nje.


Jumapili, 21 Julai

Nyumba tulivu. Athumani amehamia kwa wakwe zake mpaka fungate iishe. Vyombo vya kukodi vimerudishwa. Manyunyu yamekatika.

Kofia nyeusi bado iko juu ya bakuli. Bibi hataki itupwe. Nilidhani ni ya kunikumbusha mimi, kumbe hapana, anasema haijakauka sawasawa.

Kwa Bwana Kilonzo sijaenda. Pikapu imepita asubuhi na sauti ya mtu mwingine. Ana mdomo mmoja tu, maskini.

Alasiri nilikuwa barazani. Jirani alikuwa amefungulia redio mpaka mwisho, taarabu, ukuta unatetemeka. Bibi yuko jikoni. Akaniita. Hakupaza sauti, aliniita kama mtu anavyomwita aliye karibu naye. Nikaitika labeka kabla hajamaliza jina.

Jina akaliacha nusu.

Nilifika mlangoni. Alikuwa ameshika kijiko, ameelekeza uso kwangu, macho yake hayanipati. Kisha akasema nimletee mkaa. Nikaleta. Jirani alipopita baada ya magharibi kuulizia mambo ya harusi, safari hii Bibi habari za spika hakuzitaja.

Jumamosi ile aliita kwa nguvu zake zote. Alisema, "Swaleh, hiyo ya nduguyo." Watu walikuwa wameanza kunipigia makofi.

Alisema mara mbili. Nilimsikia zote mbili.