Kombe la Alifu, Be, Te

Jumapili, Junda. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na nafsi yangu inanisuta.

Charo amekuja kutoka Utange na jogoo. Kanipa kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, niandikie jingine. Safari hii zidisha kidogo, siku hizi nimekuwa mzito."

Mimi si mwalimu. Mwalimu ni baba. Mwezi uliopita, baba akiwa Lamu, Charo alikuja kutaka kombe la kunywa, ashinde mbio. Baba huandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji ya marashi, mwenye haja akanywa. Mimi nilikuwa mvivu, na nilitaka kucheka. Nikaandika alifu, be, te, zile za watoto siku yao ya kwanza chuoni. Charo hajui kusoma herufi zetu. Alifumba macho, akanywa mpaka tone la mwisho.

Jumamosi yake, kwenye mashindano huko Changamwe, akawashinda hata askari waliorudi kutoka vita vya Bama. Maili tatu, miguu mitupu.

Watu wakasema ni kombe. Nami nikanyamaza, nikaona raha kusifiwa.

Wallahi nilijua si kombe. Miaka miwili nimemwona Charo akipita hapa kwetu alfajiri, mbio, kwenda Nyali kwenye kazi yake ya kuvunja mawe, na jioni mbio kurudi. Mungu alimpa pumzi na miguu, naye akavifanyia kazi, mvua na jua. Hakuna aliyemfundisha.

Sasa anapanda lori. Kaniambia mwenyewe leo, anacheka: kombe lipo, ya nini kujichosha? Na Jumamosi hii anashindana tena. Atakayeshinda atapelekwa Nairobi.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Na jogoo nikampokea! Mama amempika kwa nazi. Nimekula paja.

Nikimwambia kweli, huenda asinisemeshe tena. Itakuwa haki yake. Nikinyamaza, atashindwa, na atadhani ni Mungu aliyemwacha. Hilo siliwezi.

Kesho alfajiri nakwenda Utange na sahani. Nitaandika zile zile alifu, be, te, nimsomee moja moja, kisha ninywe mimi mbele ya macho yake. Halafu nitamwambia tukimbie kuja huku kwetu. Herufi zitakuwa tumboni mwangu, na Charo atakuwa keshafika Junda.