Mkono Alioukanda Mama

Shoga, kaka hatunaye tena. Kaka yangu seremala, yule asiyekosa kujitolea damu. Hatunaye!

Mkono aliotolewa damu ulivimba, tukajua ni sindano tu. Mama akaukanda kwa maji ya moto, jana akaukanda tena, kaka akimtania, "Mama, huo ni mkono, si unga!"

Leo asubuhi akaanguka, pumzi hana.

Daktari kaniita pembeni. Eti damu iliganda kwenye mshipa wa mkono, bonge likang'oka, likapanda mpaka kwenye mapafu. Eti ni nadra mno kwa aliyejitolea damu. Halafu akaniuliza, "Kuna mtu aliukanda ule mkono?"

Nikasema hapana. Shoga, nikasema hapana!

Sasa mama amekaa karibu yangu kwenye benchi, anatazama viganja vyake. Ananiambia, "Laiti ningemkanda zaidi."